Kipa Niliyemnyima Salamu Miaka Tisa

Sehemu ya saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, habari yenyewe ni fupi na inakera. Wanawake thelathini na wanane wa chumba chetu cha kushonea walinyoosha mikono kwamba hawataki tena niwasomee sheria ya kazi. Upande wangu tulibaki wawili: mimi mwenyewe, na bibi wa vifungo, ambaye masikio yake yamekwisha kwa kelele za cherehani. Nadhani alinyoosha mkono kwa sababu aliuona wangu uko juu.

Badala ya sheria walitaka hadithi. Hadithi ya mapenzi. Mapenzi ya golikipa.

Nieleze desturi yetu, maana wengine mnafanya kazi za kukaa kimya. Kila asubuhi mmoja wetu huacha cherehani yake, hukaa kwenye kiti kirefu dirishani na kuwasomea wenzake, nao hugawana kazi yake ya siku ili asipungukiwe. Sauti lazima ipite juu ya mashine arobaini. Ndiyo maana kwa miaka mingi msomaji nilikuwa mimi, na ndiyo maana wananiita Kipaza. Na msomaji akiruka hata mstari mmoja, mashine zote husimama mpaka arudi nyuma asome alichokiruka.

Sheria ya kazi sikufundishwa na mtu. Niliisoma kwenye karatasi zilizofungiwa sukari, kipande leo, kipande wiki ijayo, mpaka nikaijua kuliko mawakili wa kampuni. Leo naambiwa nikae chini, nimpishe kipa anayetafuta mchumba. Nilikaa. Lakini niliandika moyoni majina thelathini na wanane.

Jambo la pili ndilo lenye uchungu. Menejimenti wanapunguza mafundi wa mashine. Wapo wawili, abaki mmoja, na wakaiachia kamati ya chama ichague wa kuondoka, ili mikono ichafuke yetu na si yao. Mtego huo niliuona kutoka mbali. Nikauingia nikipiga mluzi, kwa sababu mmoja wa mafundi hao ni Kizibo.

Karatasi niliiandika mimi, katibu wa tawi. Jina moja, sababu mistari miwili. Mwenyekiti akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake. Ilikuwa ikabidhiwe Ijumaa saa nne asubuhi, karani wa utumishi atakapopita. Ikishatoka mkononi mwangu, Kizibo hana kazi.

Kizibo amenikosea nini? Mimi sisahau. Namkumbuka mtoto aliyeniibia kifutio darasa la tatu, na nikikutana naye sokoni mpaka leo namtazama mikono. Sasa pima mtu aliyeuza watu.

Miaka tisa iliyopita timu ya kiwanda chetu ilicheza fainali ya kombe la viwanda, Kizibo akiwa kipa. Tulipanga kumwaibisha mwenye kiwanda mbele ya mgeni rasmi. Baada ya mapumziko tungeingia uwanjani na bango la kitambaa, tukae katikati, mpira usichezwe mpaka tusikilizwe kuhusu vumbi la pamba linalotula mapafu. Tuliojua ni watu watano, yeye akiwemo.

Mapumziko yalipoisha, mgeni rasmi alishaondolewa, walinzi walishajipanga, na bango lilishachukuliwa. Wenzetu watatu waliokutwa nalo walifukuzwa siku hiyohiyo. Mmoja wao alikuwa binti wa bibi wa vifungo.

Nani alisema? Asubuhi ile nilimwona Kizibo kwa macho yangu akitoka ofisi ya meneja. Mchana wake akafungwa manne, na la nne lilimkosa golini kabisa. Alikuwa nyuma ya nyavu, anatazamatazama nyasi kama aliyedondosha ufunguo. Nikapanda juu ya benchi, nikambadilisha jina mbele ya watu wote, nikamwita Kizibuo. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekula naye meza moja.

Na isitoshe, hasalimii. Unamwona ng'ambo ya uani, unampungia mkono wa habari za asubuhi, anakutazama kama anatazama nguzo. Nami nikaacha kumsalimia, nikawaamuru na wengine waache. Miaka tisa.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa nikiri.

Siku za Alhamisi zamu yetu hutoka saa nane mchana. Siku hiyo nilitoka na kile kitabu cha golikipa kwenye mfuko, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa zamu yangu, na msomaji hukipitia nyumbani kwanza asije akababaika mbele ya watu. Kukiita kitabu nakipa heshima. Ni karatasi zilizopigwa chapa na kubanwa kwa uzi wa magunia, jalada ni boksi la vifungo lililokatwa. Jina la mwandishi hakuna. Juu wameandika tu, "Komeo na Mwenye Kikohozi".

Sikuwahi kukisikiliza. Wiki mbili nzima walipokuwa wanasoma nilijiziba masikio kwa pamba, nikashona kwa hasira, na mikono ya mashati niliyoshona siku zile iliweza kubeba ndoo.

Nilikifungua jikoni kwa nia mbaya, kalamu nyekundu mkononi. Kusudi langu lilikuwa kupigia mstari kila upuuzi, kisha Ijumaa niusome kwa sauti ya dharau mpaka chumba kizima kione haya.

Ukurasa wa kwanza niliweka mistari mitatu. Wa pili, mmoja. Kufika wa kumi kalamu ilikuwa imeanguka chini ya meza na sikuinama kuitafuta.

Huyo Komeo ni kipa ambaye haoni mbali. Karibu anaona mpaka tundu la sindano, lakini hatua kumi mbele yake dunia ni moshi. Anaficha, kwa sababu kipa asiyeona mpira nani atampanga? Basi watu wanamwona ana majivuno. Hasalimii wakubwa. Kumbe amemsalimu kwa adabu mti wa kutundikia makoti, akauliza na hali ya watoto.

Mechi ya kwanza, kuku mweupe wa jirani anakatiza mbele ya goli. Komeo anaruka, anamdaka hewani, anamkumbatia kifuani kwa ustadi mkubwa. Mpira wenyewe umeingia upande wa pili. Refa anamwendea. Komeo anamwambia, "Sikuachia, bwana refa, angalia mwenyewe," na kuku anataga.

Nilicheka. Andikeni, mnitangaze. Katibu wa tawi, mwenye miaka ishirini na mbili ya mapambano, nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika kingo za meza.

Anapopenda ndiyo kabisa. Ananunua skafu ya msichana wake, anaenda kumvisha uwanjani, anafumba macho kwa haya, anaifunga shingoni, anatamka maneno yote aliyokariri. Msichana yuko pembeni anatazama. Skafu imefungwa kwenye mlingoti wa goli. "Hapo nikajua napendwa," anasema yule msichana, "ingawa salamu zangu zilipitia kwa mlingoti."

Msichana naye si mjinga. Anagundua siri, haitangazi. Kila Jumamosi anakaa nyuma ya nyavu na kitambaa chake cha kudarizi, mpira ukija kulia anakohoa mara moja, kushoto mara mbili, juu mara tatu. Komeo anadaka kila kitu. Uwanja mzima unamshangilia kipa na kumhurumia binti mwenye kifua kibovu.

Lakini aliyenimaliza mimi ni dada wa yule msichana. Mwandishi anamwita Mama Mkutano. Mwanamke huyo anaongea hata akiwa na pini sita mdomoni. Paka akiingia jikoni anaambiwa, "Ndugu mwanachama, maziwa ni ya wote." Anagombana na saa ya ukutani kwamba inapendelea waajiri. Akiomba chumvi anaomba kwa hoja tatu. Nilijipiga paja kwa kicheko, nikasema kwa sauti kwamba watu wa namna hii wapo kweli, na ndio wanaoharibu harakati.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Kizibo, Komeo, kutosalimia, umeshaunganisha tangu kwenye kuku. Mimi sikuunganisha. Chuki ya miaka tisa ni miwani ya mbao. Unaivaa, unajivunia fremu.

Nikaendelea. Mama Mkutano anaamini kikohozi cha mdogo wake ni cha kweli. Kila Jumamosi mdogo akirudi uwanjani, dada mtu anambana pua na kummiminia dawa chungu. Ana kijiko maalumu cha dawa, mpini umepinda, amekifunga uzi wa bluu kisichanganyike na vijiko vya kulia. Binti wa watu ananyweshwa dawa ya mapafu, mapafu yenyewe mazima, msimu wote wa ligi, na hawezi kusema sababu.

Machozi ya kicheko yalinitoka. Nikainuka kunywa maji ya sukari nipoe. Nikavuta droo bila kutazama, nikatoa kijiko, nikakoroga.

Mpini ulikuwa umepinda. Uzi wa bluu.

Niliacha kukoroga, kijiko kikabaki kwenye glasi. Mdogo wangu tunakaa naye nyumba hii. Nilimlea mimi tangu mama yetu alipofariki, nikamwingiza kiwandani, hushona kola safu ya pili. Na msimu mmoja, miaka tisa iliyopita, alikohoa kila Jumamosi.

Kilichobaki nilikisoma nimesimama. Hakikuwa kinachekesha tena, au kilikuwa kinachekesha na mimi ndiye kichekesho.

Asubuhi ya fainali, Komeo ameumia kidole, anatafuta chumba cha huduma ya kwanza. Milango miwili imepakwa kijani. Anaingia wa kushoto, anamwambia mtu aliyekaa mezani, "Sista, naomba plasta." Ni meneja. Meneja anacheka, anamtoa. Uani kuna mtu anamwona akitoka.

Mchana, Mama Mkutano anamfungia mdogo wake ndani apumzishe kifua. Ufunguo anatia mfukoni, anakwenda uwanjani. Nyuma ya nyavu hakuna mtu. Komeo anasubiri kikohozi. Bao moja. Mbili. Tatu. Bao la nne linaingia wakati ameshaacha goli, anapapasa nyuma ya nyavu kumtafuta, akidhani ameanguka kwa ugonjwa.

Ufunguo ule naukumbuka. Nilikuwa nao kwenye mfuko wa aproni nilipopanda juu ya benchi kumbadilisha jina.

Nikafungua kurasa mbili za mwisho kabla ya harusi. Hizi ndizo nilizozijia hapa kukiri.

Sisi washonaji hatutupi pateni, ile karatasi tunayokatia kitambaa. Ukimaliza kukata unaandika juu yake ni kazi gani, ya lini, vipande vingapi, halafu unaitundika kwenye ndoano yako ukutani. Hufikirii. Mkono unafanya wenyewe, kama unavyofunga kifungo.

Katika kitabu, Ijumaa jioni kabla ya fainali, Mama Mkutano anakata herufi za bango kwenye meza yake. Anamaliza. Anachukua kalamu, anaandika kwenye pateni: "Bango. Jumamosi baada ya mapumziko ya mechi. Vipande 4." Anaitundika kwenye ndoano. Anakwenda kulala akiwa amewaapisha wenzake wanne wasimwambie mtu.

Jumamosi asubuhi msimamizi anapita, kama anavyopita kila Jumamosi, kukagua ndoano.

Jumatatu mdogo mtu anaikuta pateni bado imetundikwa. Anautambua mwandiko wa dada yake. Anaificha ndani ya nguo yake na kumpelekea Komeo, analia, anasema atakwenda kusema. Komeo anamkataza. "Dada yako ana hiyo sauti tu," anamwambia. "Ukimnyang'anya, anabaki na nini? Mimi nina mikono."

Nilikaa chini. Nilijaribu kukumbuka kwamba sikuandika. Mimi ninayekumbuka kifutio. Nikaona kalamu, nikaona mkono wangu, nikaona ile namba tano ya ndoano yangu iliyopakwa rangi nyeupe. Wenzangu watatu walifukuzwa na mwandiko wangu mzuri.

Mdogo wangu aliingia saa kumi na moja na nusu na kapu la mboga. Akatua kapu, akatazama kitabu mezani.

"Umefika wapi, dada?"

"Kwenye kuku."

"Umecheka?"

"Sijacheka."

"Jirani amenisimamisha hapo nje," akasema, akikata mboga bila kuniangalia. "Anauliza unaumwa nini. Anasema umepiga kelele mchana kutwa."

Nikamuuliza ni nani ameandika takataka hii. Akasema hajui, mtu mwenye muda. Nikasema mwandishi huyo hana adabu kwa wakubwa. Akasema labda alisubiri wakubwa waanze. Nilikiona kijiko kwenye glasi na yeye akakiona, na hakuna kati yetu aliyekigusa.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mtu mwema angefanya vingine.

Nilijua Kizibo hana kosa. Ile karatasi yenye jina lake ilikuwa ndani ya kitabu hichohicho, niliifanya alama ya kusomea. Ningeweza kuichana. Lakini nikiichana wataniuliza kwa nini, na mwenyekiti ameshatia sahihi. Nikisema sababu, bibi wa vifungo atajua ni nani aliyemfukuzisha binti yake. Baada ya hapo nitasimama juu ya benchi gani? Chama kitakuwa cha nani? Nikajiambia kwamba harakati ni kubwa kuliko fundi mmoja. Waajiri husema hivyohivyo kwa maneno yao, na mimi huwazomea.

Mdogo wangu alipokwenda kuoga nilichukua sindano na uzi mweupe. Nikazishika zile kurasa mbili, nikazishona pamoja pembe kwa pembe, mshono mdogo usioonekana, ule tunaoutumia kwenye upindo wa sketi. Kesho nikifika hapo nitapinda karatasi moja nene na kuingia moja kwa moja kwenye harusi. Atakayejua ni mwandishi peke yake, na mwandishi hana jina.

Nilishona vizuri. Hata katika uovu sipendi kazi mbaya.

Ijumaa asubuhi mdogo wangu alitangulia na kunibebea mfuko, akisema yeye ana mkono mtupu. Sikutilia shaka. Nilikuwa nafanya mazoezi ya sauti ya harusi.

Saa tatu nilipanda kiti kirefu. Chumba chote kilikuwepo: mashine arobaini, vumbi la pamba likielea dirishani, bibi wa vifungo safu ya mbele na boksi lake mapajani. Safu ya tatu Kizibo alikuwa amelala chali chini ya mashine iliyokata mkanda, miguu tu inaonekana. Hata miguu yake niliichukia. Ningependa kuwaambia chuki ilikuwa imepungua tangu jana. Ilizidi. Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu uliyemdhulumu na bado anakuja kazini kwa wakati.

Nikasoma. Niwe mkweli, nilisoma vizuri kuliko wote waliotangulia. Nilipofika kwenye mlango wa kijani na "Sista, naomba plasta," mashine mbili zilizima zenyewe kwa kucheka. Nilipofika kwenye dada mwenye pini mdomoni walicheka zaidi, na nikagundua hawakitazami kitabu. Wananitazama mimi. Thelathini na wanane. Walikuwa wanajua tangu wiki ya kwanza, na mimi nimekaa na pamba masikioni.

Nikapandisha sauti. Nyavu. Kikohozi kisichokuja. Bao la nne. Hapo hawakucheka. Chini ya mashine ile spana iliacha kugonga.

Saa nne kasoro kidogo karani wa utumishi alisimama mlangoni na faili lake kwapani. "Katibu, nimefuata ile karatasi," akasema, na mtu akamwambia asubiri, hadithi inaisha. Akaegemea mlango. Nilimwonyesha kidole kimoja kwamba dakika moja. Ningepinda kurasa, ningefungisha ndoa, ningempa karatasi yake.

Nikapinda.

Kurasa zilifunguka mbili.

Mshono ulikuwa umefumuliwa. Haukuchanwa, ulifumuliwa tundu kwa tundu kwa mkono wa mtu anayejua, uzi mweupe umezungushwa vizuri na kuwekwa pembeni kama tunavyofanya na uzi unaofaa kutumika tena. Na katikati, mahali nilipoacha ile karatasi yenye jina la Kizibo, hapakuwa na karatasi. Palikuwa na kipande cha pateni, kimegeuka rangi ya chai, kimekunjwa mara nne, tundu la ndoano juu yake. Mwandiko wangu.

Niliinua macho. Safu ya pili mdogo wangu hakuwa anashona. Mkononi mwake alikuwa na karatasi yenye sahihi ya mwenyekiti, ameishika ikiwa imekunjuliwa. Alikuwa ameshaisoma. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo tangu siku ya mazishi ya mama.

Karani akauliza kama nimeisahau nyumbani.

"Ninayo mimi," mdogo wangu akamwambia. "Katibu anamalizia kusoma. Akimaliza atakuambia kama ni hii, au ataandika nyingine."

Nilifanya nilichokusudia jana. Nilifunua ukurasa wa mbele yake, nikaanza na harusi, nikasema kwa sauti yangu yote kwamba siku ya ndoa Komeo aliingia na kumpa mkono mchungaji akidhani ndiye bibi harusi.

Hakuna aliyecheka. Mashine ya kwanza ilizima safu ya nyuma. Halafu ya pili. Halafu zikawa zinazima safu nzima nzima, mpaka ile ya mwisho karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikaisikia saa ya ukutani.

"Umeruka, dada," mdogo wangu akasema.

Chini ya mashine safu ya tatu ile miguu ikajivuta. Kizibo akatoka, akajifuta grisi kwa tambara, akasimama.

"Mwacheni," akasema. "Imetosha. Hata mimi siitaki hiyo sehemu."

Afadhali angenitukana. Miaka tisa nimemnyima salamu, nimemnyima meza, nimebakiza kumnyima kazi, na mtu huyu anasimama kunikinga mbele ya watu wangu. Nilitamani awe msaliti kweli.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa miwani iliyofungwa kwa uzi wa kola, akaivaa. Karani alikuwa anamtazama. Fundi anayetafutiwa sababu ya kuondolewa amevaa sababu yenyewe puani. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa kiganja.

Kizibo alikitafuta kiti kirefu, akapandisha kichwa polepole mpaka akanifikia. Alinitazama kama mtu anayeona kitu alichoelezwa tu.

"Habari za asubuhi, Katibu," akasema.

Sikuitikia. Niliitazama pateni mapajani mwangu, vipande vinne, na mdomo wangu, huu ambao haujawahi kunikosa, ukawa kama umejaa pini. Nikasoma neno la kwanza. Nilidhani nimelisoma moyoni.

Bibi wa vifungo akaweka boksi lake chini. Akasogeza kiti mbele, akakunja kiganja nyuma ya sikio.

"Paza sauti, mwanangu," akasema. "Mimi nimesikia 'bango' tu."